Ile karatasi ya viambishi vya Kilatini ichaneni tu

Nilipotea kidogo, mambo ya testi na foleni ya kusaini bumu mnayajua wenyewe, siyarudii. Leo nimekuja na hasira na sitaki kuificha.

Kuna karatasi inazunguka hapa chuoni. Mwaka wa kwanza anaikuta chumbani, mwaka wa tatu anaiacha akiondoka, na yule kijana wa fotokopi nadhani ameshaishika kwa kichwa, maana kila wiki kuna mtu anampelekea. Ni kurasa mbili tu. Kushoto viambishi awali vya Kilatini kama arobaini hivi, kulia maana zake: "re-" ni tena, "in-" ni si, "inter-" ni kati, "pre-" ni kabla, "con-" ni pamoja, mpaka chini. Juu yake pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba ukivishika hivyo hutahitaji kamusi tena. Ukikutana na neno gumu la Kiingereza unalikata kichwa, unaangalia kichwa kina maana gani, umemaliza. Ukiulizwa kisawe, unatafuta neno lingine lenye kichwa cha maana hiyohiyo, unaandika, unasonga mbele.

Nasema hivi: ichaneni. Fungieni maandazi. Na sisemi hivyo kwa sababu Kilatini hakina faida, msije mkanielewa vibaya. Kina faida kubwa, ndiyo maana inaniuma kuona kinafundishwa kama kanuni za kubahatisha mkeka.

Kwanza tuulizane, karatasi yenyewe imetoka wapi? Ukiitazama mifano yake unaona kabisa ni ya vile vitabu vya kujiandaa na mitihani ya Wamarekani, SAT ya kuingia chuo na GRE ya shahada za juu. Zamani mitihani ile ilikuwa inakupa neno moja, pweke kabisa, uchague kinyume chake. Au inakupa jozi ya maneno utafute jozi nyingine inayofanana nayo. Hapo mtu wa kubahatisha kwa kichwa cha neno alikuwa na nafasi yake. Sasa sikilizeni. SAT iliondoa maswali ya vinyume mwaka 1994. Yale ya jozi yakaondoka 2005. GRE ikaondoa yote mawili mwaka 2011, na tangu hapo inakupa sentensi nzima yenye pengo, uchague maneno mawili ambayo lolote ukiliweka pale sentensi inabaki na maana ileile. Yaani kisawe wanakitafuta ndani ya sentensi. Wenyewe dawa wameshaimwaga, sisi huku bado tunainywa kwa kikombe kikubwa!

Haya, tuingie kwenye karatasi yenyewe. "In-" ni si, inasema. Vizuri. Sasa nenda maabara, ukute chupa imeandikwa "inflammable". Kwa hesabu ya karatasi, hiyo ni "isiyowaka". Washa kiberiti basi, tutakusoma kwenye tangazo la msiba. "Inflammable" maana yake INAWAKA, tena inawaka upesi, kwa sababu Kilatini kina "in-" mbili. Moja ni ya kukanusha, nyingine ni ya "ndani" au "kuingia". Zimefanana sura tu. Watu wa usalama wa moto waliona hatari hiyo ndiyo maana siku hizi vibao vingi vinaandikwa "flammable" bila kichwa. Karatasi inajua "in-" moja tu.

Wa jografia nanyi mnalo lenu, "inhabitable". Mnadhani ni pasipokalika? Ni panapokalika! Limetoka "inhabit", kukaa ndani ya mahali. Pasipokalika ni "uninhabitable". Halafu muulizeni mwenzetu yeyote aliyesoma kwa Kifaransa kule Bujumbura au Bukavu, atakuambia kwenye Kifaransa neno hilohilo, herufi kwa herufi, lina maana ya pasipokalika. Kichwa kimoja, mwili mmoja, maana zimepishana kama mbingu na ardhi. Karatasi itakusaidia nini hapo?

Na "invaluable" je? Mtu akikuambia msaada wako ni "invaluable" usinune, hajasema hauna thamani. Amesema thamani yake haikadiriki.

Lakini kinachonichosha kuliko vyote ni "research". Mnajua ninachotaka kusema, teh teh teh. Mwalimu anaingia siku ya kwanza ya kozi ya mbinu za utafiti, anaandika ubaoni RE, anaweka kistari, anaandika SEARCH, halafu anageuka kutuangalia kama mtu aliyegundua moto: "kutafuta TENA!" Darasa zima linaandika. Nimeisikia kwa walimu watatu tofauti, na nimeisoma kwenye madesa nisiyoyahesabu. Neno lenyewe limetoka kwenye Kifaransa cha zamani, na hiyo "re-" pale kazi yake ni kutia mkazo: kutafuta kwa bidii, kupekua mpaka uvunguni. Habari ya "tena" haimo. Kinachonishangaza ni kwamba hilo ndilo neno linalofungua kozi ya kutufundisha tusikubali jambo bila ushahidi!

Kuna wanaosema hayo ni makosa madogo, watu wanacheka yanapita. Si kweli kwamba yanapita. Muhula mmoja kwenye semina mwenzetu, mtu makini sana, alikuwa anawasilisha kazi ya kikundi kuhusu afya ya jamii. Akafika kwenye "antenatal clinic". Akaeleza kwa kujiamini kwamba ni kliniki ya kupinga kuzaa, yaani uzazi wa mpango. Chumba kikapasuka kwa kicheko. Kliniki ya wajawazito hiyo jamani! "Ante-" ni kabla, kabla ya mtoto kuzaliwa. Yule ndugu alikaa chini, na hakufungua mdomo tena kwenye semina mpaka muhula unaisha. Alama za ushiriki zikaenda na maji. Na kosa si lake! Kwenye karatasi ile "ante-" ya kabla na "anti-" ya kupinga zimepangwa moja juu ya nyingine, na "anti-" hata si ya Kilatini, ni ya Kigiriki, imepenyezwa humo bila kitambulisho. Kama hiyo haitoshi, kuna "anticipate", kutarajia, kuwahi jambo kabla halijafika. Imeandikwa "anti-" lakini ndani yake ni ileile "ante-" ya Kilatini na kitenzi cha kushika: kulishika kabla. Sasa mtu wa karatasi atasema ni kupinga nini?

Ya mwisho kwa fungu hili, halafu naacha. "Inter-" ni kati, sawa? Kiingereza kina kitenzi "inter" kinachosimama peke yake. Maana yake ni kuzika. Ni "in" na "terra", kuweka ndani ya ardhi. Haina kati wala pembeni.

Sasa nigeuze meza. Hebu fikirini mzungu anakuja Bagamoyo kujifunza Kiswahili, tunampa karatasi ya namna hiyohiyo. Tunamwandikia: "-ua mwishoni mwa kitenzi ni kinyume." Na si uongo, ona: funga na fungua, ziba na zibua, kunja na kunjua, vaa na vua. Anafurahi. Kesho yake anaenda sokoni anakutana na "nunua". Anakumbuka kuna "nuna". Basi anaondoka na hakika kwamba kununua ni kuacha kununa! Nakubali, mara nyingine ni kweli hasa bumu likitoka, lakini si ndiyo maana ya neno. Au tunamwambia "ki-" ni kitu kidogo: mlima na kilima, mji na kijiji. Anakutana na "kitabu", anaanza kutafuta "tabu" kubwa ni ipi. Wa mwaka wa mwisho tungemwonyesha. Lakini "ki" ya kitabu haikuwa kiambishi hata kidogo, ilikuja na neno lenyewe kutoka Kiarabu, ni sehemu ya mzizi. Sisi ndio tuliosikia "ki" tukasema wingi "vitabu", kama tulivyochukua maneno ya Kiingereza ya "shika kushoto" tukapata kipilefti na vipilefti. Hakuna Mswahili anayejifunza lugha yake kwa kukariri vichwa. Tunajua bila kuambiwa kwamba "ku" ya "kuona" si "ku" ya "nakuona". Akili hiyo tunayo tangu hatujaota meno. Tukifika kwenye Kiingereza tunaambiwa tuiache mlangoni.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu hasa. Wanatufundisha viambishi vya Kilatini kana kwamba sisi ni watu tusiowahi kuona kiambishi maishani. Sisi! Watu ambao neno moja letu, "hatutawaandikisha", linabeba kukanusha, mtenda, wakati, mtendwa, mzizi, na kiungo cha kusababisha, vyote kwa pumzi moja! Kama kuna watu duniani wangekimeza Kilatini kama uji ni sisi.

Chukua "illegible". Hati ya daktari, kwa mfano. Kwenye karatasi utatafuta "il-" usiipate, imo "in-" tu. Sasa shika neno letu: isiyosomeka. Lifungue. "-si-" inakanusha. "-som-" ni mzizi. "-ek-" inasema jambo linawezekana kutendeka. Rudi kwenye neno lao. "In-" inakanusha. "Leg-" ni mzizi wa Kilatini wa kusoma. "-ible" inasema linawezekana. SI, SOM, EK. IN, LEG, IBLE. Viungo vitatu kwa viungo vitatu, tena kwa mpangilio uleule! Siku nilipoliona hilo nilimwamsha mwenzangu wa chumbani saa saba usiku, na alinitukana, lakini asubuhi akaja mwenyewe na "inaudible", isiyosikika. Mchana tukapata "inedible", isiyolika, ambayo kwa watu wa kafeteria yetu si neno geni. "Invisible", isiyoonekana. Mzizi mmoja wa Kilatini ukiujua, unatoka na maneno matano mkononi, kwa sababu viungo vingine vyote tayari unavitumia kila siku ukiwa unabishana na konda.

Na kwa nini "in-" iligeuka "il-"? Karatasi haisemi, ndiyo maana watu wanalipita neno kama hawajaliona. Sababu ni ileile iliyofanya tusiseme "kamba nrefu". Ni "n" na "refu", mdomo ukakataa, tukasema ndefu. "N" na "baya" ikawa mbaya. Ulimi mmoja, ndimi mbili, na hizo "mbili" zenyewe ni "n" na "-wili". Mdomo wa Mrumi nao ulikuwa mdomo, ulipenda raha. "In-" ikawa "im-" kwenye "impossible", ikawa "ir-" kwenye "irregular". "Con-" ikawa "col-" kwenye "collect", "cor-" kwenye "correct", "com-" kwenye "compose". Na kuna kinachojificha kuliko vyote, "ad-", kuelekea. Kinabadilika kama kinyonga: "accept", "allocate", "appear", "attract", hata huwezi kujua ni kiambishi kimoja kama hujaambiwa. Hiyo "attract" naipenda. "Ad-" na kuvuta. Kuvuta kuelekea kwako. Sisi tunasema vuta, halafu VUTIA. Hiyo "-ia" yetu inafanya kazi ya "ad-" yao, wao wameiweka mbele sisi tumeiweka nyuma.

Mkishaona mmoja mtaona wote. "Con-" ni "-ana" yetu mara nyingi tu. "Collide" ndani yake mna kupiga, kwa hiyo kugongana. "Conflict" vilevile mna kupiga, kupigana. "Convene" mna kuja, kukutana. "Conspire" mna kupumua, watu wameinamiana wanapumuliana, njama hiyo! Na "dis-" inafanana na ile "-ua" yetu. Kufunika ni "cover". Kufunua je? "Discover". Wakoloni walipotuandikia kwamba fulani "alifunua" ziwa, kumbe walidhani wenyeji walikuwa wamelifunika... tuyaache hayo, nitaandika siku nyingine.

Sasa visawe, maana hapa ndipo watu wanapoliwa alama. Karatasi inasema vichwa vikifanana maana, maneno ni ndugu. Haya, "prescribe" na "proscribe". Yote mawili yana mzizi wa kuandika. Cha kwanza "kabla", cha pili "mbele". Kabla, mbele, si watoto wa mama mmoja hao? Mtu anaandika kisawe anafunga mjadala. Basi "prescribe" ni daktari anakuandikia dawa umeze, au sheria inakuelekeza ufanye hivi. "Proscribe" ni kupiga marufuku. Moja linasema fanya, lingine linasema ole wako ufanye! Kwa wenzetu wa sheria kosa hilo si la maksi mbili, linageuza jibu zima juu chini.

Na sababu yake haiko kwenye kiambishi, iko kwenye historia. Mwaka 82 kabla ya Kristo jemadari Sulla alipoishika Roma, alibandika hadharani orodha za majina ya maadui zake. Ukiliona jina lako pale, umekwisha. Aliyekuua alilipwa zawadi, na mali zako zilitaifishwa zikapigwa mnada. Kuandikwa mbele za watu, ndiyo "pro-" hiyo. Sumu ya neno "proscribe" ilitoka kwenye ile orodha ukutani, na mtu ukishaisikia hadithi hiyo mara moja huyachanganyi tena maneno hayo hata ukiamshwa usingizini. Dakika mbili za hadithi. Karatasi ingehitaji nafasi gani? Mstari mmoja. Hawakuuweka.

Kiambishi ni kama konda wa daladala. Anapiga kelele "Posta Posta Posta!" Amekuambia gari linaelekea wapi. Hajakuambia wewe unashuka kituo gani, wala kama kuna kiti.

Tena visawe vya Kiingereza havipangwi kwa viambishi, vinapangwa kwa heshima na mahali. Wanormani waliiteka Uingereza mwaka 1066 wakaleta Kifaransa chao kwenye mabaraza na mahakama, baadaye wasomi nao wakachota Kilatini vitabuni, na maneno ya wenyeji hayakuondoka. Ndiyo maana jambo moja lina majina matatu: "ask" la wenyeji, "question" la Kifaransa, "interrogate" la Kilatini. Unaweza kukaa na karatasi yako ukasema "interrogate" ni "inter-", kati, na kuuliza, kwa hiyo ni kuuliza katikati, sijui katikati ya nini. Lakini Mswahili hahitaji hayo! Mtoto anauliza. Polisi anahoji. Mwajiri anasaili, ndiyo maana unaitwa kwenye usaili. Uliza ni la nyumbani, hoji na saili tuliyapata kwa Waarabu, na kila moja limekaa kwenye kiti chake. Ukimwambia mama yako "nilikuwa nataka kukuhoji kama chakula kimeiva", utalala njaa.

Au kufa na kufariki. Kamusi itakuambia ni kitu kimoja. Jaribu kusema kuku wetu amefariki. Kuku amekufa, mzee wa jirani amefariki. Na angalieni jinsi watu wanavyofanana duniani: fariki kwa asili ni kuachana, "decease" kwa Kilatini ni "de-" na kwenda, kwenda zake. Pote wanaogopa kulitaja, wanazunguka. Mwanafunzi anayejua kwa nini hasemi kuku amefariki ameshajua visawe ni nini. Kilichobaki ni mtu kumwambia kwamba Kiingereza nacho ni hivyohivyo.

Najua mtakuja na hoja. Kuna wale wa "Kilatini kimekufa, tuachane nacho kabisa". Ninyi nanyi sikubaliani nanyi. Kimekufa lakini kimezikwa ndani ya vitabu vyetu vyote, kuanzia majina ya mifupa mpaka hukumu za mahakama, na usipojua kaburi liko wapi utakuwa unajikwaa kila siku. Na kuna wale wa "mimi hiyo karatasi imenivusha". Sawa, nakupa haki yako: kwa neno ambalo ulikuwa unalijua nusu, kichwa kinaweza kukukumbusha nusu iliyobaki. Ila neno usilolijua kabisa, pamoja na mzizi wake, kichwa kinakupa ujasiri tu. Na ujasiri bila maana ndio uliomkalisha chini yule ndugu wa semina.

Ingekuwa shida inaishia hapa chuoni nisingepoteza usiku kuandika. Lakini nusu ya mnaosoma hapa mko ualimu kama mimi. Tukienda mazoezi ya kufundisha tutakabidhiwa kidato cha kwanza, watoto waliosoma miaka yote ya msingi kwa Kiswahili, halafu Januari moja wakaamka kila kitu ni Kiingereza, kuanzia baiolojia mpaka matangazo ya paredi. Mtoto anakutana na "irreversible" kwenye kitabu cha kemia. Mwalimu ameingia na nini? Na karatasi ileile, fotokopi ya fotokopi, herufi zimeanza kufutika. Atawaambia "re- ni tena, karirini". Na mtoto ambaye ndani ya kichwa chake ana "isiyorudishika" iliyokamilika, yenye kila kiungo anachohitaji, atakaa anaona hajui kitu, ataanza kunyamaza. Kunyamaza huko tunakujua. Wengi wetu tumefika chuo kikuu nako.

Kwa walimu wa kozi ya mawasiliano ninaomba jambo dogo sana, maana sitaki kusikia habari ya bajeti. Ubao mmoja. Kushoto "isiyosomeka", kulia "illegible", chora mistari mitatu. Kipindi kijacho "ndefu" na "irregular". Kijacho "vutia" na "attract". Mzizi mmoja kwa wiki na sentensi tatu za kweli kutoka kwenye vitabu tunavyosoma, si za kwenye karatasi. Wala msione aibu kusema Kiswahili ndani ya darasa la Kiingereza, hatutawashtaki.

Huku kwetu hosteli tumeshaanza bila kusubiri mtu. Watu sita, baada ya chakula cha usiku, mzizi mmoja. Jana ilikuwa "-scrib-", kuandika, na Sulla alitukalisha mpaka saa sita. Leo ni "-mit-", kutuma: "transmit" kutuma kuvuka ng'ambo, "emit" kutoa nje, "admit" kuruhusu aingie, "submit" kupeleka chini ya mkubwa, yaani ile kazi ya Ijumaa ambayo najua hamjaigusa. Kesho "-ject-", kurusha. Mwenye sentensi nzuri ya "reject" aniachie hapo chini, isiwe ya mapenzi tu, hizo tunazo nyingi.